Mpwa wangu aliniambia niandike ukweli, nikauandika

BARUA

Dada,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, pokea salamu tu. Nimeisoma safu yako tangu enzi unajibu maswali ya taarabu, na sikudhani ningekuja kukuandikia mimi, mtu ambaye shughuli yake ni kuwaonyesha wenzake walipokosea.

Ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari, hapa Morogoro. Nina miaka 46. Ujana wangu niliumalizia kwenye hip hop. Tulikuwa watatu, mwaka 1999 tukapanda jukwaani mara nne katika ukumbi uliokuwa unakodishwa kwa harusi, tukarekodi kanda moja ambayo nakala yake ya mwisho ilitafunwa na redio ya gari. Huu ndio mji wa rapa Afande Sele. Alipovishwa taji la Mfalme wa Rhymes mwaka 2004 nilikuwa tayari nashika chaki, na siku ile nilitembea kifua mbele utadhani nimevishwa mimi.

Kwa miaka sita sasa naandika uchambuzi wa hip hop kila Jumamosi. Silipwi. Sifa yangu ni moja, wasomaji wameniita hivyo wenyewe: mwalimu asiyembeba mtu.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 22. Alikuja kukaa kwangu alipomaliza kidato cha nne. Nyumba ina vyumba viwili, watoto wangu ni watatu, kwa hiyo yeye alilala sebuleni. Mwaka huu katoa nyimbo sita, amezirekodi chumbani kwa rafiki yake, godoro limeegeshwa ukutani kuzuia mwangwi. Kabla hajazitoa alinipa simu yake nisikilize, akakaa pembeni akijifanya anakata kucha. Zilipoisha akasema, "Anko, andika ukweli."

Nikauandika. Niliandika kwamba vina vimekufa, shuka na kucha vinakutanishwa kwa nguvu kama watu waliogombana msibani. Niliandika kwamba mistari haina mizani, lugha ni nusu ya Kiingereza na nusu ya vijiweni, na kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa sita hakuna ujumbe. Niliandika kwamba vijana wa leo hawaandiki kabisa: anaingia studio mikono mitupu, anamumunya melodi, kisha anajaza maneno mstari mmojammoja, prodyuza anaunganisha kama fundi wa viraka. Sisi tulikuwa na madaftari. Nikamalizia kwamba hiki ni kizazi cha wamumunyaji, na kama hii ndiyo hip hop, basi tuchimbe kaburi.

Sikuandika kwamba ni mpwa wangu. Nilitaka nisionekane nambeba.

Uchambuzi ule ulisomwa kuliko wote niliowahi kuandika. Watu walicheka sana. Wiki mbili baadaye rapa mmoja wa hapahapa, hasimu wa mpwa wangu, akachukua neno langu la mumunyaji akalifanya kibwagizo cha kumchana. Ndipo mtu mmoja anayetufahamu akawaambia wasomaji kwamba mwandishi ni mjomba wake wa damu, na watu wakacheka mara ya pili, safari hii wakinicheka mimi.

Kijana kahamia kwa rafiki yake, Kihonda. Siku ya Idd alikuja, akala pilau, akampa mkono kila aliyekuwa mkekani, akaniruka. Dada yangu hakugombana nami. Alisema tu, "Si wewe uliyemfundisha kusoma?"

Naomba unijibu mawili. Je, nimekosea kuhusu michano ya siku hizi, au nimesema wanaloogopa wengine kulisema? Na je, niufute ule uchambuzi?

Nakutumia nyimbo zote sita na mistari minane niliyoiponda zaidi, usije ukadhani nimemwonea:

Saa ya kuazima mkononi, ila muda ni wangu
Nimepiga picha na gari, ufunguo si wangu
Mama kaamka saa tisa, mkono umejaa mafuta
Mimi naamka saa tano, ndoto bado naitafuta
Nalala sebuleni kwa anko, mguu nje ya shuka
Feni inatikisa kichwa, hapana, hapana, kunakucha
Mimi simba wa mji, hakuna wa kunigusa
Mabosi wananipigia, hela ndo nazivuta

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Mwalimu, marahaba. Nimekuzidi, ingawa si kwa mingi.

Nyimbo nimezisikiliza mara nne. Mara mbili za kwanza nikiosha vyombo, maana ndivyo wengi wanavyosikiliza muziki, na mara mbili za mwisho nikiwa na kalamu. Nianze na hiyo shuka na kucha, kwa sababu hapo ndipo ulipochekesha watu zaidi na ndipo ulipokosea zaidi.

Umesikiliza kwa sikio la darasani. Ubaoni kina ni silabi ya mwisho: *ta* kwa *ta*, *ka* kwa *ka*. Kwa kipimo hicho *shuka* na *kucha* havikutani, uko sahihi. Lakini yatamke mafuta, naitafuta, shuka, kunakucha, kunigusa, nazivuta, uyatamke kwa sauti hapo ulipo, mkeo akikushangaa ni sawa. Mkazo wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo sikio linapokea *u* yenye uzito, kisha *a* inayoanguka. *U-a, u-a*, mistari sita mfululizo bila kuteleza hata mmoja. Kijana amepanga vina kwa irabu, na amepanga kwa makusudi. Ukisikiliza wimbo wa nne anafanya hivyohivyo kwa *e-o*. Ulichokiita kina kilichokufa ni kina ambacho kipimo chako hakina tundu la kukipitisha.

Tena niseme jambo ambalo sisi wa zamani hatupendi kuambiwa. Kiswahili kinagawa vina bure. Maneno yetu yanaishia na irabu, vitenzi vingi vinaishia na *a*, ukiongeza *-sha* au *-ka* au *-wa* umepata kina kabla hujapata wazo. Mmarekani anahangaikia kina usiku kucha, sisi tunakiokota mlangoni. Ndiyo maana kwenye kanda za enzi zetu kuna beti nzima za nimefika, nimeshika, nimeandika, nimechoka, na tulizipigia makofi. Nilizipigia na mimi. Waliovuka hapo walivuka kwa sababu walijua silabi ya mwisho peke yake haitoshi: Fid Q wa Mwanza aliita kabisa albamu yake Vina Mwanzo, Kati na Mwisho, na hilo ni tangazo la fundi anayekuonyesha mahali alipogongelea misumari. Mpwa wako ni mjukuu wa jambo hilo. Hajafika, lakini barabara ni hiyohiyo.

Mizani sasa. Shairi lako la darasani lina nane kwa nane, kumi na sita kwa mshororo. Biti haihesabu silabi, inahesabu mapigo, manne kwa kila kipande, na rapa anaweza kujaza pigo moja kwa silabi tano au kuliacha tupu. Hip hop uliyokua nayo wewe ilitembea mapigo kama 90 kwa dakika, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na mzigo. Maneno yalipangwa yakatosha. Biti za drill, mtindo wa hip hop wa vijana wa siku hizi, zinakwenda karibu 140, na sauti inaelea juu yake kwa nusu mwendo, kwa hiyo nafasi kati ya neno na neno imekuwa kubwa na kila mtu anaijaza kwa njia yake. Wengine wanaijaza kwa makelele ya mdomo, hao wanaitwa wamumunyaji kwa haki. Wengine wanaiacha.

Rudi kwenye mstari wa sita, sekunde ya hamsini na kitu ya wimbo wa pili. Anasema *feni inatikisa kichwa*, halafu ananyamaza pigo zima. *Hapana.* Ananyamaza tena. *Hapana.* Mwalimu, hiyo ni feni ya kusimama. Ile inayogeuka kulia, inasita, inageuka kushoto, inasita. Kijana kalala chini usiku, joto la Morogoro la Februari, anaitazama feni inamkatalia usiku mzima kama mkubwa anayekataa ombi, na amepima kimya cha mstari kikawa sawa na kile kituo cha feni inapofika mwisho wa shingo yake. Nimeandika kuhusu muziki tangu kaseti zikiuzwa stendi na sijawahi kuona mtu akiitumia feni hivyo. Nilisimamisha wimbo nikaenda kuitazama ya kwangu.

Na feni hiyo ni yako. Sebule ni yako, shuka ni yako, anko ni wewe. Ulikuwa ndani ya wimbo, ukakaguliwa bila ukali wowote, bila hata kulalamikiwa, mguu tu umetoka nje ya shuka, wewe ukakimbilia kuhesabu silabi. Nadhani hilo ndilo alilolileta kwenye simu siku ile akijifanya anakata kucha.

Usifikiri nitamsifia mpaka mwisho. Mstari wa saba na wa nane haufai. Simba wa mji huyu nimekutana naye kwenye nyimbo mia, Arusha yupo, Tandale yupo, Nairobi yupo, na kila mahali hakuna wa kumgusa. Vina vimeshika lakini mtu ametoweka: aliyeazima saa mistari sita nyuma ghafla anapigiwa simu na mabosi. Ingekuwa ni kejeli, anajicheka yule wa kwenye picha ya gari, ningemvulia kofia. Nimeitafuta kejeli hiyo kwenye sauti mara nne sijaipata. Sauti inavimba kweli. Ameogopa. Alipofika kwenye feni alijiona yuko uchi mno akakimbilia nguo ya kuazima. Hapo ndipo mchambuzi alipotakiwa aingie na kalamu nyekundu, na wewe kwa bahati mbaya uliiponda mistari yote minane kwa uzito mmoja, kwa hiyo mwandishi hakujua upi wa kuung'oa na upi wa kuulinda.

Kuhusu kutoandika kwenye daftari. Jay-Z ana miaka mingi anatunga kichwani bila karatasi, na hakuna anayemwita mvivu. Na kabla hatujafika Marekani: mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalibaki vinywani mwa watu kwa miongo kadhaa hadi Mwalimu Sikujua na mmisionari William Taylor walipoyakusanya na kuyaandika. Malumbano yale makali, kumjibu huyu na kumkata yule, yalihifadhiwa na vichwa. Daftari ni kitu kizuri, ninalo, ila si cheti.

Hapa lakini una nusu ya haki, na ninakupa. Kurekodi mstari mmojammoja kunaua pumzi. Wimbo wa tatu wa mpwa wako ni mfano: kila mstari umeingia ukiwa na nguvu ya mtu aliyetoka kupumzika, hakuna unaosikia uliotangulia, na mpandishe jukwaani kesho aone kama atauchana wote bila kukata. Ungeliandika hilo lingemsaidia. Uliandika "fundi wa viraka", watu wakacheka, yeye akabaki hajui kosa liko kwenye mapafu.

Ujumbe. Hili neno limewaharibu wachambuzi wengi wa rika letu. Tunamkumbuka Professor Jay na Ndio Mzee ya mwaka 2001, tunasema, aah, enzi zile kulikuwa na ujumbe. Tusikilize vizuri. Wimbo ule haukusema wanasiasa ni waongo. Hilo hata konda wa daladala alikuwa analisema. Alichofanya ni kuivaa sauti ya mgombea, akaahidi yasiyowezekana, na umati ukaitikia ndio mzee, ndio mzee. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wenye waigizaji wawili, mwongo na wanaomkubalia, na aliyechanwa zaidi ni yule anayeitikia. Ni ufundi uliobeba ule ujumbe mpaka leo. Nyimbo nyingine za mwaka uleule zilizokuwa na ujumbe mtupu, mabango yaliyowekewa ngoma, umezisahau na mimi nimezisahau. (Mwenyewe baadaye akaenda kuomba kura za ubunge Mikumi, mwaka 2015, na akapewa. Rapa mwenzake Sugu alishatangulia Mbeya Mjini mwaka 2010. Kizazi chetu kiliichukulia siasa kwa uzito kuliko tulivyodhani.)

Pengine utauliza kwa nini vijana hawagusi serikali. Mwalimu, unaishi Tanzania. Aprili 2017 rapa Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio na watu wasiojulikana, wakapatikana siku chache baadaye. Siku chache kabla, mwishoni mwa Machi, Nay wa Mitego alikamatwa kwa sababu ya wimbo, na ilibidi Rais Magufuli mwenyewe aseme aachiwe na wimbo upigwe. Mpwa wako alikuwa mtoto wa shule alipoyasikia hayo. Amejifunza, kama walivyojifunza wenzake, na wengi wao wamehamishia macho ndani ya nyumba: mama, sebule, deni, simu isiyo na vocha. Mimi sioni kwamba huko ni kudogo. Kijana wa kiume kukiri kwamba mama yake ameamka saa tisa za usiku kukaanga vitumbua naye akaamka saa tano za asubuhi, na kulisema hilo kwa jina lake mwenyewe mbele ya hasimu anayetafuta pa kumpiga, kunahitaji moyo.

Lugha ya mchanganyiko naipita haraka. Neno bongo lenyewe tulilolipa taifa zima la muziki lilitoka kijiweni. Kuna mistari ya Wakadinali, kundi la rap la Nairobi, nimewahi kumpigia binti wa rafiki yangu Nairobi anifafanulie, akacheka dakika nzima kabla hajanijibu, na nilipoelewa nikaona kumbe ni kichekesho kizuri. Sikupungukiwa kitu.

Sasa hilo kaburi.

Wewe unafundisha ushairi, hili unalijua kuliko mimi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, mashairi yasiyojifunga kwa vina wala mizani, na walinzi wa jadi wakasema hayo si mashairi, ni insha zilizokatwakatwa. Leo Jumatatu unaingia darasani unafundisha ugomvi ule kwa utulivu, jadi upande huu, mashairi huru upande huu, wanafunzi waandike. Jumamosi unaufungua upya nyumbani kwako ukiwa na rungu. Nilipousoma uchambuzi wako nilidhani nasoma barua ya mwaka 1975.

Na hizo enzi za madaftari hazikuwa safi kama tunavyozisimulia. Rapper's Delight, wimbo wa mwaka 1979 ulioipeleka hip hop redioni dunia nzima, una mistari ambayo Big Bank Hank aliichukua kwa Grandmaster Caz, na hakujali hata kubadilisha mahali jina la mwenzake linapotajwa herufi kwa herufi. Ndivyo tulivyoanza. Kwetu Saleh Jabir alianza mwaka 1991 kwa kuweka Kiswahili juu ya mdundo wa Wamarekani, na baraka zake tunazo hadi leo. Wakati nyinyi watatu mnapanda jukwaani mwaka 1999, wapenzi wa muziki wa dansi walikuwa wanawaita wahuni wasiojua hata kupiga gitaa. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alizima redio kwa kidole cha mguu, bila kuinuka.

Kila mara hip hop inapotangazwa maiti, huwa iko mahali inafanya kazi. Mwaka 2018, wakati wakubwa wa Marekani wanalalamikia wamumunyaji kwa maneno haya yako, Kendrick Lamar alipewa tuzo ya Pulitzer ya muziki, ambayo kabla ya hapo ilikuwa haijatoka nje ya muziki wa klasiki na jazi. Kwetu Dizasta Vina amekuwa akiandika hadithi zenye wahusika, shahidi na hakimu ndani ya wimbo mmoja. Nash MC ameshikilia Kiswahili sanifu kwa ugumu ambao ungekufurahisha. Nimezipekua Jumamosi zako za miaka sita kabla ya kukujibu, si zote, nyingi. Dizasta Vina umemtaja mara moja, ukikosea herufi za jina. Nash MC hujamgusa. Rapa wa kike hujaandika hata mmoja. Unachambua hip hop ya leo kwa kile kinachopigwa kwenye bajaji unayopanda, halafu unailinganisha na kilicho bora kabisa cha mwaka 2001. Kila zama ikipimwa hivyo itashindwa, hata ile yetu.

Nakwambia haya nikiwa na la kwangu. Mwaka 2003 niliandika kwamba kundi fulani la vijana halitamaliza mwaka kwa sababu hakuna mwenye sauti kati yao. Nyimbo zao zinapigwa mpaka leo kwenye kila harusi ninayoalikwa, na nakala ya makala ile ninayo kwenye faili, nimeikunja upande wa maandishi ndani. Nilichokosea wakati ule si ladha. Niliandika kuhusu vijana kwa ujumla wao kwa sababu kuandika kuhusu wimbo mmoja kulihitaji kuusikiliza.

Swali lako la pili. Usiufute. Umeshasomwa, umeshaimbwa mpaka kibwagizo, kuufuta ni kujificha nyuma ya pazia miguu ikionekana. Uache, na juu yake kabisa uandike sentensi tatu. Ya kwanza: aliyeimba ni mtoto wa dada yangu, alikuwa akiishi kwangu, na nilipaswa kusema. Ya pili: nilikosea kuhusu vina, na ueleze ulivyokosea, kwa irabu zile. Ya tatu: mistari ya saba na nane bado naiona mibovu. Hiyo ya tatu usiipunguze hata kidogo ili kumfurahisha dada yako. Kijana ataisoma na ataamini hizo mbili za juu kwa sababu ya hiyo ya chini.

Usiandike uchambuzi mwingine wa kumsifu. Utaonekana umeandikishwa, na hasimu wake atapata kibwagizo cha pili. Kuanzia sasa nyimbo zake hazikuhusu kwa kalamu. Ndugu hachambuliwi hadharani, si kwa wema wala kwa ubaya. Ukimsifu unambeba, ukimponda unajisafisha kupitia yeye, na ninaogopa hilo la pili ndilo lililotokea. Ukali ule wote ulikuwa wa kuwaonyesha wasomaji wewe ni nani. Alipokuambia andika ukweli, ungeweza kumwambia palepale kochini, yeye na kucha zake, kabla ya mtu mwingine yeyote. Muda wa wiki nzima ulikuwepo.

Kihonda si mbali. Nenda wewe. Najua mila, mdogo ndiye anayemfuata mkubwa, na dada yako pengine anasubiri amlete kijana kwa mkono aombe radhi kwa kukuruka mkekani. Usimsubirishe. Mjomba ni mjomba, akitangulia yeye hakuna atakayesema amejishusha. Usiende na mtu wa kusuluhisha, wala usianze na hotuba ya nilikuwa nataka ukue. Hiyo umeshaiandaa, naisikia toka hapa. Beba daftari ambalo umeiandika ile mistari minane kwa mkono wako, muombe akuchanie bila biti, na akifika kwenye feni usiseme kitu mpaka amalize vile vimya viwili. Halafu muulize alikuwa anawaza nini alipoandika simba.

Mwambie huo wa saba aufute na wa sita asiuguse.

Akikubali kurudi kwako, mnunulie shuka ndefu.